Magwiji wa futiboli ya Kimarekani na jasho lisilohesabiwa

MJADALA kuhusu ni nani aliyekuwa bora kuliko wote katika kila nafasi ya futiboli ya Kimarekani haujui msimu wala likizo. Hupamba moto zaidi kila Februari, fainali ya Super Bowl inapochezwa Jumapili jioni nchini Marekani, wakati ambapo nchini Kenya ni saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu na ni mashabiki sugu wachache tu walio macho. Kipenga cha mwisho kinapolia, hoja ndiyo kwanza huanza. Je, mshindi wa leo amempiku yule wa jana? Na yule wa jana angefua dafu mbele ya wale wa miaka ya hamsini?

Kwa mtazamaji wa mbali, ubishi huu huenda ukaonekana kuwa porojo za vijiweni. Ukichunguzwa kwa makini, hata hivyo, unabainika kuwa mjadala kuhusu kazi: ni kazi ipi inayoandikwa katika vitabu vya kumbukumbu, ipi inayosahaulika, nani aliyeruhusiwa kuifanya na nani aliyefungiwa mlango, na ni nani aliyelipia sifa hizo kwa mwili wake. Swali hilo lina uzito mpya sasa ambapo ligi ya NFL inatafuta vipaji barani Afrika.

Ikumbukwe kwamba mchezo huu, licha ya jina lake, huchezwa zaidi kwa mikono kuliko kwa miguu. Timu mbili zenye wachezaji 11 kila moja hupambana katika uwanja wa yadi 100. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa nne nyingine, ikishindwa huukabidhi mpira kwa wapinzani. Kuufikisha mpira katika eneo la mwisho ni tachidauni, yenye thamani ya pointi sita. Tofauti na soka, wanaoshambulia na wanaolinda ni vikosi viwili tofauti, na kila mchezaji ana jukumu mahususi. Ndiyo maana mashabiki hawaridhiki na kumtaja mchezaji bora mmoja. Hutaka bora wa kila nafasi.

Mwaka 2019, NFL ilipoadhimisha miaka 100 tangu kuasisiwa mjini Canton, jimbo la Ohio, mnamo 1920, jopo la watu 26 lilipewa kibarua cha kuteua wachezaji 100 bora wa karne hiyo. Orodha ilitolewa, na badala ya kuzima ubishi iliumwagia petroli. Jambo hilo halikushangaza. Miaka tisa awali, mwaka 2010, kituo cha televisheni cha ligi hiyo kilikuwa kimetoa orodha yake iliyomweka Jerry Rice kileleni, akifuatwa na Jim Brown, Lawrence Taylor na Joe Montana. Tom Brady, ambaye leo wengi humtaja kabla ya yeyote, aliwekwa katika nafasi ya 21. Muongo mmoja ulitosha kuupindua mpangilio mzima.

Chanda chema na pete saba

Nafasi inayozua ubishi mkubwa zaidi ni ya kwotabeki, yule anayepokea mpira kutoka kwa senta na kuamua iwapo ataurusha au atamkabidhi mwenzake akimbie nao. Ndiye jemadari wa kikosi, na mara nyingi ndiye anayelipwa vizuri kuliko wote.

Brady aliteuliwa akiwa nambari 199 katika zoezi la kuchagua chipukizi mwaka 2000, kila timu ikiwa imempita mara kadhaa. Alipostaafu mwaka 2023 baada ya misimu 23, alikuwa ametwaa Super Bowl mara saba, sita akiwa na New England Patriots na moja akiwa na Tampa Bay Buccaneers. Alikuwa pia amerusha mpira yadi 89,214 na tachidauni 649 katika mechi za kawaida za ligi. Waswahili husema chanda chema huvikwa pete, na Marekani bingwa huvikwa pete kwelikweli. Brady ana saba.

Wanaompinga hawakosi hoja. Joe Montana alicheza fainali nne za Super Bowl na kushinda zote, akarusha tachidauni 11 bila pasi yake hata moja kunaswa na wapinzani. Peyton Manning alitwaa tuzo ya mchezaji wa thamani zaidi mara tano. Patrick Mahomes alikuwa na mataji matatu kabla ya kutimiza umri wa miaka 29, ingawa alishindwa katika fainali za 2021 na 2025.

Kuna jina jingine ambalo vijana wa leo hulipuuza. Otto Graham wa Cleveland Browns alicheza misimu 10, kuanzia 1946 hadi 1955, na katika kila msimu timu yake ilifika fainali. Ilishinda saba: nne katika ligi ya AAFC iliyovunjwa, na tatu katika NFL. Brady naye alicheza fainali 10 na kushinda saba. Tofauti ni kwamba mmoja alihitaji misimu 23 na mwingine 10. Watetezi wa Brady hujibu kuwa ligi ya Graham ilikuwa na timu chache, na kwamba leo kuna timu 32 zinazowania kombe moja chini ya kanuni zinazozuia tajiri kununua wachezaji wote wazuri. Hoja zote mbili ni za kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Ukipimwa muda wa kudumu kileleni pamoja na idadi ya mataji, mizani inamwelemea Brady. Lakini upo upande wa pili ambao takwimu hazionyeshi: wale ambao hawakupewa mpira kabisa.

Tangu 1934 hadi 1945, hakuna mchezaji mweusi hata mmoja aliyesajiliwa na timu ya NFL. Kizuizi hicho kilivunjwa mwaka 1946 Los Angeles Rams ilipowasajili Kenny Washington na Woody Strode, huku Browns ya Graham, katika ligi ya AAFC, ikiwasajili Marion Motley na Bill Willis. Timu ya jiji kuu la Washington ilikaidi hadi 1962. Hata baada ya hapo, nafasi ya kwotabeki iliendelea kuwa mwiko. Makocha wengi walishikilia dhana kwamba mtu mweusi angeweza kukimbia na kudaka, bali si kuongoza. Waliokuwa makwotabeki vyuoni waliamriwa kuhamia nafasi nyingine.

Warren Moon alikataa kuhamishwa. Mwaka 1978 hakuna timu iliyomteua, akaelekea Canada ambako alishinda kombe la nchi hiyo mara tano mfululizo na timu ya Edmonton. Aliporejea kwao mwaka 1984, alirusha yadi 49,325 katika NFL, na mwaka 2006 akaingizwa katika Jumba la Mashujaa mjini Canton. Ukijumlisha na za Canada, yadi zake zinapita 70,000. Je, angekuwa wapi katika orodha hii iwapo hangepokonywa misimu sita ya ujana wake? Doug Williams alikuwa kwotabeki mweusi wa kwanza kushinda Super Bowl, Januari 1988, na ilichukua hadi Februari 2023 kwa fainali hiyo kuwakutanisha makwotabeki wawili weusi, Mahomes na Jalen Hurts.

Kukimbia na kudaka

Miongoni mwa wakimbiaji, anayeshikilia rekodi ya jumla ya yadi ni Emmitt Smith, aliyekimbia yadi 18,355 na kutwaa Super Bowl tatu akiwa na Dallas Cowboys. Walter Payton wa Chicago Bears, aliyefariki mwaka 1999, ana 16,726. Barry Sanders wa Detroit Lions alijiuzulu ghafla mwaka 1999 akiwa na 15,269, hatua chache tu kabla ya kuifikia rekodi ya Payton wakati huo, kwa sababu alikuwa amechoshwa na timu isiyoshinda.

Hata hivyo, jumla pekee hupotosha. Jim Brown wa Cleveland alicheza misimu tisa, kuanzia 1957 hadi 1965. Aliongoza ligi kwa yadi mara nane. Hakukosa mechi hata moja kati ya 118. Wastani wake ulikuwa yadi 104.3 kwa kila mechi; wa Smith ni takriban 81. Enzi za Brown msimu ulikuwa na mechi 12, kisha 14. Ukafikia 16 mwaka 1978 na 17 mwaka 2021. Anayelinganisha rekodi za msimu bila kuhesabu mechi ni kama mfanyabiashara anayelinganisha debe na kibaba.

Brown aliondoka akiwa na umri wa miaka 30, akiwa bado bora kuliko wote, akajitosa katika uigizaji wa filamu na harakati za kupigania haki za watu weusi. Wanaomtazama kwa jicho la leo hawasahau pia kwamba alikabiliwa mara kadhaa na tuhuma za kuwapiga wanawake, doa ambalo halikufutika hadi kifo chake mwaka 2023. Uwanjani, ni vigumu kumpata anayemshinda. Nje ya uwanja, sifa ya ugwiji si cheti cha utu.

Nafasi ambayo ubishi wake hufa mapema ni ya mpokezi. Jerry Rice, mwana wa mwashi wa Mississippi aliyesimulia jinsi alivyozoea kudaka matofali akimsaidia baba yake, alitoka katika chuo kidogo na kucheza misimu 20. Alidaka pasi 1,549 zenye yadi 22,895. Anayemfuata, Larry Fitzgerald, ana yadi 17,492. Pengo hilo la zaidi ya yadi 5,400 peke yake ni taaluma nzima ya mpokezi wa kawaida.

Wanaojaribu kumshusha Rice hutaja Randy Moss, aliyekuwa na kasi zaidi na aliyedaka tachidauni 23 katika msimu wa 2007, au Don Hutson wa Green Bay Packers. Hutson alidaka tachidauni 99 kati ya 1935 na 1945, rekodi iliyodumu kwa zaidi ya miaka 40, katika enzi ambapo kurusha mpira kulionekana kama kamari. Lakini haki inadai isemwe pia kwamba misimu yote ya Hutson ilichezwa ndani ya kipindi kilekile ambacho weusi walizuiwa. Alikuwa bora miongoni mwa walioruhusiwa kushindana naye. Hilo halikuwa kosa lake, ila ni sehemu ya kipimo.

Rice mwenyewe alinufaika na mabadiliko ya mwaka 1978, pale ligi ilipowakataza walinzi kuwagusa wapokezi baada ya yadi tano, na kuwaruhusu wanaomkinga kwotabeki kunyoosha mikono yao. Tangu mwaka huo mchezo umekuwa wa angani. Kila rekodi ya kurusha na kudaka iliyowekwa baadaye ina chembe ya kanuni hizo ndani yake.

Ukuta usio na takwimu

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Katika kila shambulizi, wachezaji watano husimama mbele ya kwotabeki: senta katikati, walinzi wawili kando yake, na wengine wawili nje kabisa. Kazi yao ni kugongana na majitu ya upande wa pili ili jemadari apate sekunde tatu za kufikiri. Hawarushi, hawadaki, hawakimbii na mpira. Mechi ikiisha, karatasi ya takwimu haina safu yao. Majina yao hutajwa zaidi pale mwamuzi anapotangaza wamefanya kosa.

Kwa sababu hiyo, kumteua bora wao hutegemea macho ya waliocheza dhidi yao. Wengi wao humtaja Anthony Muñoz wa Cincinnati Bengals, aliyekinga upande wa kushoto kati ya 1980 na 1992 na kuteuliwa mara 11 mfululizo katika kikosi cha nyota. Upande wa kushoto ndio wenye hatari, kwani kwotabeki anayetumia mkono wa kulia huupa mgongo na hamwoni adui anayemjia. Miongoni mwa masenta, majina yanayorudiwa ni Mike Webster wa Pittsburgh Steelers na Dwight Stephenson wa Miami Dolphins. Miongoni mwa walinzi wa ndani, John Hannah wa Patriots hana mpinzani wa karibu.

Tuzo ya mchezaji wa thamani zaidi inayotolewa na shirika la habari la Associated Press inathibitisha upendeleo uliopo. Tangu Brown alipoitwaa mwaka 1957 hadi msimu wa 2024, hakuna mchezaji wa ukuta huo aliyewahi kuipata. Hakuna mpokezi pia, hata Rice. Mpiga teke mmoja, Mark Moseley, aliipata mwaka 1982. Katika kikosi cha ulinzi walioipata ni wawili tu: Alan Page mwaka 1971, ambaye baadaye alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo la Minnesota, na Lawrence Taylor wa New York Giants mwaka 1986.

Taylor ndiye hoja kuu ya wanaoamini kuwa ubora hupimwa kwa jinsi mtu alivyoubadilisha mchezo. Alicheza kama lainbeka, nyuma kidogo ya mstari wa mbele wa ulinzi, lakini alimvamia kwotabeki kwa kasi ambayo makocha hawakuwa na dawa yake. Novemba 1985, katika mechi iliyotazamwa na taifa zima, uvamizi wake uliuvunja mguu wa Joe Theismann wa Washington na kuizima taaluma yake. Taylor ndiye aliyekuwa wa kwanza kuashiria daktari aitwe. Katika miaka iliyofuata, mkingaji wa upande wa kushoto aligeuka kutoka kibarua asiyejulikana hadi mmoja wa wanaolipwa zaidi kikosini. Mtu mmoja alipandisha mishahara ya nafasi ambayo hakuicheza.

Ubora wa wanaomvamia kwotabeki hupimwa kwa idadi ya mara walizomwangusha kabla hajaachilia mpira. Bruce Smith anaongoza kwa 200, Reggie White akimfuata kwa 198. Lakini ligi ilianza kuhesabu rasmi mwaka 1982. Deacon Jones wa Rams, aliyetisha miaka ya sitini na ndiye anayetajwa kuwa alilipatia tendo hilo jina lake la Kiingereza, hana hata moja katika vitabu rasmi. Watafiti waliopitia filamu na karatasi za kale wamempa 173.5, kiwango cha kumweka nyuma ya Smith na White pekee wakati walipochapisha hesabu hizo. Kwa ligi, jasho lake lilimwagika kabla daftari halijafunguliwa.

Katika safu ya nyuma ya ulinzi, Deion Sanders husifiwa kwa kuufunga upande mzima wa uwanja kiasi kwamba makwotabeki waliacha kurusha alikokuwa. Sifa hiyo ni kitendawili, kwa kuwa mlinzi anayeogopwa hupata takwimu chache. Wazee humtaja Dick Lane, aliyeingia katika ofisi za Rams mwaka 1952 akitafuta kazi baada ya kuchoshwa na kibarua cha kubeba mabati yenye mafuta katika kiwanda cha ndege. Msimu huohuo wa kwanza, katika mechi 12 tu, alinasa pasi 14 za wapinzani. Kwa zaidi ya miaka 70 rekodi hiyo imesimama, ingawa mechi zimeongezeka na pasi zimekuwa nyingi mno. Pengine ndiyo rekodi safi kuliko zote katika mchezo huu, kwa sababu kila badiliko la kanuni lingepaswa kumsaidia mwingine kuivunja.

Wapiga teke nao husahauliwa hadi sekunde za mwisho. Adam Vinatieri alifunga pointi 2,673, nyingi kuliko mchezaji yeyote, na teke lake la yadi 45 katika theluji ya Januari 2002 ndilo lililoiokoa Patriots na kuifungulia safari ya pete ya kwanza ya Brady. Wanaohesabu pete za kwotabeki nadra humhesabu aliyezileta kwa mguu.

Gharama iliyofichika

Ronnie Lott wa San Francisco 49ers, anayetajwa miongoni mwa walinzi bora wa nyuma, aliumia kidole kidogo cha mkono wa kushoto mwishoni mwa msimu wa 1985. Badala ya kufanyiwa upasuaji ambao ungechelewesha kurejea kwake, alichagua ncha ya kidole hicho ikatwe. Kwa miaka mingi kisa hicho kilisimuliwa kama ushahidi wa ushujaa. Alipata pete nne. Chanda kimoja kilipungua.

Cha Webster kilikuwa kizito zaidi. Senta huyo aliyeshinda Super Bowl nne aliingizwa katika Jumba la Mashujaa mwaka 1997, akiwa tayari amepoteza kumbukumbu na mwelekeo, nyakati nyingine akilala ndani ya gari lake. Alifariki mwaka 2002 akiwa na umri wa miaka 50. Daktari aliyeuchunguza ubongo wake mjini Pittsburgh alikuwa mzaliwa wa Nigeria, Bennet Omalu, ambaye hakuwa shabiki wa mchezo huo wala hakujua ukubwa wa jina lililokuwa mbele yake. Huenda ndiyo sababu aliona yale ambayo wengine hawakutaka kuyaona: ugonjwa unaofahamika kwa kifupi kama CTE, unaotokana na kichwa kugongwa mara kwa mara. Alipochapisha matokeo yake mwaka 2005, madaktari wa kamati ya ligi walitaka yafutwe. Ilikuwa hadi 2016 ambapo afisa wa ngazi ya juu wa NFL alikiri mbele ya wabunge kwamba uhusiano baina ya mchezo huo na ugonjwa huo upo.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walitangaza kuwa walipata dalili za CTE katika bongo 110 kati ya 111 za waliokuwa wachezaji wa NFL. Ni lazima isemwe kuwa bongo hizo zilitolewa na familia nyingi zilizokuwa tayari na shaka, hivyo idadi hiyo si kipimo cha wachezaji wote. Hata hivyo, haikuwezekana tena kusema kuwa Webster alikuwa mkasa wa pekee.

Maelfu ya wachezaji wa zamani walishtaki, na mwaka 2013 ligi ikakubali kulipa fidia ya dola milioni 765, kiwango ambacho baadaye kiliondolewa kikomo na malipo yakapita dola bilioni moja. Hata katika fidia, ubaguzi wa jana ulijipenyeza. Vipimo vya kupima kuzorota kwa akili vilitumia fomyula iliyochukulia kuwa mtu mweusi huanza na uwezo mdogo zaidi kuliko mweupe, kwa hiyo ilikuwa vigumu kwake kuthibitisha kuwa ameathirika. Ilikuwa hadi 2021, baada ya wachezaji kulalamika kortini, ambapo NFL iliahidi kuitupilia mbali fomyula hiyo. Mtu alihesabiwa kuwa duni alipotaka kuwa kwotabeki, akahesabiwa kuwa duni tena alipodai fidia.

Mlango ulio wazi kwa Waafrika

Haya yanawahusu vipi vijana wa Afrika? Yanawahusu moja kwa moja. Christian Okoye, mrusha kisahani kutoka Nigeria ambaye aliujulia mchezo huu chuoni, aliongoza NFL kwa yadi za kukimbia mwaka 1989. Mkenya Daniel Adongo alihama kutoka raga na kusajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kuwahi kucheza futiboli ya Kimarekani, akafaulu kuingia uwanjani msimu huohuo. Mwaka 2022 NFL ilianzisha kambi zake za kusaka vipaji barani kwa kuanzia Ghana, na mwaka 2023 ikafika Nairobi. Mchezo wa bendera, ambao ni aina isiyo na kugongana, umejumuishwa katika Olimpiki za Los Angeles za 2028.

Mfano unaotolewa kuwatia moyo vijana hao ni wa Jordan Mailata, mcheza raga kutoka Australia aliyeteuliwa mwaka 2018 akiwa nambari 233 na Philadelphia Eagles, kisha akawa mkingaji wa kutegemewa wa upande wa kushoto na bingwa wa Super Bowl ya 2025. Mfano huo ni wa kutia moyo kweli. Lakini utazamwe nafasi aliyopewa. Mgeni mwenye mwili mkubwa na asiyekulia katika mchezo huo hapewi urushaji, unaohitaji miaka mingi ya mafunzo. Mara nyingi hupelekwa kwenye ukuta au kwenye uvamizi, yaani katika nafasi zenye migongano katika karibu kila mchezo na zenye takwimu chache.

Kwa hivyo, kijana wa Kakamega au Kumasi anayeota kuvaa pete hana budi kuuliza maswali ambayo orodha za magwiji hazijibu. Mkataba wake utadumu misimu mingapi? Ni nani atakayemtibu baada ya kustaafu, na katika nchi gani? Mashirika ya raga ya nchi zetu, yanayopoteza wachezaji waliowalea, yatafaidika vipi?

Kikosi cha magwiji, basi, kinaweza kupangwa. Brady arushe, Brown akimbie, Rice adake, Muñoz akinge kushoto na Webster awe katikati. Upande wa pili wasimame White na Jones, Taylor avamie, Lane na Sanders wafunge pembe, Lott alinde nyuma, na Vinatieri asubiri sekunde za mwisho. Wengi wataupinga uteuzi huu, na wana haki.

Ila kila anayepiga kura hiyo anatumia vipimo alivyorithi. Vipimo hivyo viliundwa na ligi iliyowafungia watu weusi kwa miaka 12, iliyochelewa kuhesabu kazi ya walinzi hadi 1982, isiyoihesabu ya wakingaji hadi leo, na iliyochukua zaidi ya muongo mmoja kukiri kilichomuua Webster. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Anayekwenda kucheza ugenini ajue kwanza ni nani anayeshika daftari.